Fanani ni Nani? Uhakiki wa Albamu ya "Storms of Life" ya Randy Travis

Kuna usemi unaozagaa sana mabwenini, na hata katika semina zetu, kwamba muziki wa kantri ni kilio cha mlevi kilichowekewa gitaa, na kwamba mhakiki wa fasihi hana cha kutafuta humo. Ikitajwa tena kuwa mwimbaji hakutunga nyimbo zake mwenyewe, basi kesi imekwisha: huyo si msanii, ni kasuku. Katika makala haya nakusudia kuipinga hoja hiyo kwa kutumia albamu moja tu, Storms of Life, yaani Dhoruba za Maisha, ya Randy Travis, iliyotolewa na kampuni ya Warner Bros. mwaka 1986.

Tuanze na muktadha, maana kazi ya sanaa haidondoki kutoka mawinguni. Travis alizaliwa mwaka 1959 huko Marshville, North Carolina. Alipohamia Nashville, alikuwa akipika na kuosha vyombo katika klabu ya Nashville Palace, na humo humo akipanda jukwaani kuimba. Makampuni ya kurekodi yalimkataa, eti sauti yake ilikuwa ya kikantri mno! Zilikuwa zama zilizofuata filamu ya Urban Cowboy ya 1980, ambapo soko lilitaka kantri iliyolainishwa ikakaribia pop. Hata wimbo wa "On the Other Hand" ulipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1985 uliishia nafasi ya 67. Ukafuata "1982", ukafika nafasi ya 6. Ndipo ule wa kwanza ulipotolewa upya mwaka 1986 na kushika nafasi ya 1. Wimbo ulikuwa ule ule na sauti ile ile. Masikio ya hadhira ndiyo yaliyokuwa yamefunguka. Albamu yenyewe imethibitishwa kufikia mauzo ya nakala milioni 3 nchini Marekani. Anayedai kwamba soko ndilo lililomzaa Travis atueleze kwanza kwa nini soko hilo hilo lilimfungia mlango.

Sasa tuje kwenye fani. Wimbo wa "On the Other Hand", uliotungwa na Paul Overstreet na Don Schlitz, una nafsineni ambaye ni mume wa mtu, naye yuko na mwanamke mwingine. Kiingereza humwezesha mtu kupima jambo kwa mikono miwili: mkono huu una hoja hii, ule una hoja ile. Nafsineni anahesabu raha zake mkono mmoja. Katika mkono wa pili kuna pete ya ndoa. Hebu jaribu kulitia hilo katika Kiswahili. Sisi husema "kwa upande mmoja" na "kwa upande mwingine", mkono ukapotea, na pete ikapotea pamoja nao. Jazanda isiyohamishika kirahisi namna hii si kazi ya mtu aliyekuwa akijaza beti tu ili apate hela.

Kinyume chake ni "Diggin' Up Bones", wimbo unaotuingia Waswahili bila kubisha hodi. Mtu ameachwa, na usiku anapekua picha, barua na pete ya mapenzi yaliyokwisha, kazi ambayo mtunzi anaifananisha na kufukua mifupa. Sisi tunao msemo wa kufukua makaburi. Na katika "1982" mwanamume anamwomba opareta wa simu amuunganishe na mwaka huo, mwaka aliompoteza mpenziwe. Wakati umefanywa mahali penye namba ya simu! Taswira hiyo ni nyepesi kueleweka, lakini ubavuni inachoma. Wepesi wa lugha na wepesi wa fikra ni vitu viwili tofauti, nasi wanafunzi wa fasihi tungestahili kuwa wa mwisho kuvichanganya.

Siimbi sifa tupu. Albamu hii ina ila kubwa kimaudhui: mwanamke hana kinywa. Katika "On the Other Hand" mke halali ni pete tu, na yule mwingine yupo ili aagwe. Katika "Reasons I Cheat", mmoja kati ya nyimbo mbili alizotunga Travis mwenyewe, mume anaorodhesha sababu za kutoka nje ya ndoa: kazi inayochosha, ndoto zilizozikwa, nywele zinazopungua, mke asiyemwelewa. Je, mke naye hana orodha yake? Albamu haiulizi. Hata hivyo, kuna jambo la kujifunza hapo. Albamu ilipotoka Travis alikuwa na miaka 27, na anayesema katika wimbo huo ni mtu aliyechakaa. Ndiyo maana tunafundishwa tusimchanganye nafsineni na mtunzi.

Nirudi kwenye shtaka la ukasuku. Nyimbo nane kati ya kumi zilitungwa na watu wengine. Sawa. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kumtaka bibi athibitishe kuwa ngano anayotamba ni yake? Katika taarabu ni kawaida malenga atunge na mwimbaji mwingine aimbe, na sifa za utendaji huenda kwa mwimbaji. Nadharia yetu ya fasihi simulizi inasema kazi hukamilika katika utendaji. Travis ni fanani kwa maana hiyo hasa: sauti nzito ya chini, isiyo na haraka, inayoteremka mwishoni mwa mshororo kana kwamba maneno yana uzito wa kubebwa. Tukimnyima hadhi hiyo, tumemnyima na bibi.

Hoja hii imepata makali mapya. Mwaka 2013 Travis alipatwa na kiharusi kilichomwondolea uwezo wa kuimba. Mwaka 2024 ukatoka wimbo "Where That Came From", ukisimamiwa na Kyle Lehning, yule yule aliyesimamia sehemu kubwa ya albamu ya 1986. James Dupré aliimba, kisha akili mnemba iliyofunzwa kwa rekodi za zamani ikaibadili sauti yake kuwa ya Travis. Je, fanani hapo ni nani? Travis mwenyewe aliridhia na kushiriki, kwa hiyo siuiti wimbo huo wizi. Lakini namna ya kushika pumzi na kuliachia neno ni ya Dupré; rangi tu ya sauti ndiyo ya Travis. Kwangu mimi huo ni utendaji wa watu wawili, na haki ni majina yote mawili yatajwe.

Wanaosema mwimbaji si lolote bila mtunzi hawana jibu kwa swali hilo, kwa sababu kwao sauti haikuwahi kuwa sehemu ya matini. Kwetu sisi tuliolelewa na fasihi simulizi, sauti ni matini. Storms of Life inastahili kuhakikiwa kwa msingi huo, pamoja na ila zake. Mwenye hoja ya kunipinga na aje nayo ukumbini.