Ajabu Isiyolipiwa: Mwongozo wa Kupima Riwaya za Fantasia na Bunilizi za Kisayansi

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mwandishi anayetaka tuamini habari za jini au chombo cha anga hana budi kuinama kuliko mwenzake anayeandika habari za ndoa na mirathi. Nasema hivi kwa sababu wasomaji wengi huzipima riwaya za fantasia na bunilizi za kisayansi kwa ukubwa wa maajabu yaliyomo: sayari ngapi, majini mangapi, mashine gani ambayo haijapata kuonekana. Kipimo hicho kinapotosha. Ukubwa wa ajabu haumgharimu mwandishi kitu. Kwa sentensi moja anaweza kuligeuza Ziwa Rukwa lote kuwa damu. Kazi yake inaanza pale anapopaswa kueleza watu wa kando ya ziwa wanakunywa nini kesho yake, wavuvi wanakula wapi, na nani amepata utajiri kwa kuuza maji. Hoja yangu katika mwongozo huu ni moja: ubora wa riwaya ya aina hii hupimwa kwa gharama ya ajabu yake. Nani analipa, analipa nini, na je, deni hilo linaendelea kuonekana hadi ukurasa wa mwisho?

Tuanze na kitabu ambacho wengi wanakifahamu tangu shuleni. Shaaban Robert alichapisha Adili na Nduguze mwaka 1952, na kisa chenyewe kina mizizi katika hekaya za Alfu Lela Ulela. Ndani yake, ndugu wawili wa Adili wanageuzwa manyani na jini kwa uovu waliomtendea ndugu yao. Kugeuka kwenyewe kunapita upesi, na mwandishi mvivu angekomea hapo: wabaya wameadhibiwa, wema umeshinda, kwisha. Shaaban Robert anaendelea. Adili ameamriwa awachape manyani hao kila usiku, na akiacha kuwachapa atapatilizwa yeye. Kwa hiyo mtawala anayesifiwa mchana kwa huruma yake, usiku anashika mjeledi. Mkono unaowalisha ndio unaowachapa, na anayechapa ndiye anayelia. Ajabu imezaa amri, amri imezaa desturi ya kila usiku, desturi imezaa siri, na siri hiyo ndiyo inayomfanya mjumbe wa mfalme achungulie hadi habari zote zikafunguka. Hapa msomaji anapata kipimo cha kwanza cha kushika mkononi. Iondoe gharama, kisha utazame kama hadithi bado inasimama. Pasipo mjeledi, Adili na Nduguze haisimami, na huo ndio ushahidi kwamba ajabu yake haikuwekwa kwa pambo.

Sasa tuvuke mpaka. Kutoka Tunduma hadi Nakonde, upande wa Zambia, ni mwendo wa miguu, na nchi hiyo ya jirani imetupa mojawapo ya riwaya nzito za miaka ya karibuni: The Old Drift ya Namwali Serpell, Mzambia, iliyotoka mwaka 2019 na kupata Tuzo ya Arthur C. Clarke mwaka 2020, tuzo ya Uingereza kwa bunilizi za kisayansi. Inafuata familia tatu kwa vizazi, tangu makazi ya walowezi kando ya Mto Zambezi hadi wakati ujao. Maajabu hayakosekani: yuko mwanamke anayeota nywele mwili mzima, yuko anayetokwa machozi miaka nenda miaka rudi, na mbu nao wana zamu yao ya kusimulia. Yule wa machozi, Matha, ana chimbuko katika historia. Wakati Zambia inapata uhuru mwaka 1964, mwalimu Edward Makuka Nkoloso alitangaza mpango wa kupeleka Waafrika angani, na binti aitwaye Matha Mwamba alikuwa miongoni mwa waliofunzwa. Mpango ulikosa fedha, na Matha akapata ujauzito akaondoka. Serpell alikuwa na uhuru wote wa kumpeleka msichana huyo mwezini. Amemwacha duniani alipie ndoto hiyo kwa macho yake, na ninaamini uamuzi huo una thamani kuliko safari kumi za roketi. Mbele zaidi katika kitabu kuna kifaa cha mawasiliano kinachopachikwa ndani ya mkono wa mtu. Simu unaweza kuiacha mezani ukatoka. Kifaa hiki huwezi. Bei yake imelipwa kwa mwili, na kuanzia hapo suala la nani anawaona wananchi na nani anawasikiliza haliwezi tena kukwepwa.

Turudi upande wetu wa mpaka. Mkoa wa Songwe una kitu kinachofaa sana kwa zoezi la kupima. Katika kijiji cha Ndolezi, wilayani Mbozi, kimelala kimondo chenye urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kufikia tani 16. Takriban asilimia 90 yake ni chuma, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni nikeli. Wenyeji walikijua tangu zamani, ila wataalamu wa nje walikifikia mwaka 1930, na hawakukuta shimo la kuonyesha pale kilipoangukia. Mtaalamu aliyejaribu kukata kipande chenye upana wa sentimita 10 kwa msumeno alitumia muda wa saa 10. Mpe kimondo hicho mwandishi dhaifu, naye atakiwasha taa ya buluu usiku, atakifanya kiseme na kijana mmoja mteule, na baada ya sura tatu jeshi la kutoka angani litakuwa limetua mjini Vwawa. Mwandishi hodari ataanzia kwenye msumeno. Akiamua kwamba unga wa chuma hicho unaponya, basi unapatikana kwa shida, na kitu cha shida hakikosi foleni. Nani analinda zamu ya usiku, na anapewa nini afumbe macho? Unga unafika Tunduma ndani ya lori la nani, na dalali anataja bei gani akiwa upande wa Nakonde? Anayepona anamwachia nani ugonjwa wake? Maswali haya hayapunguzi ajabu hata chembe. Yanaipa mahali pa kukanyaga, na msomaji anayekijua kijiji kile ataamini kwa sababu anaiona njia yote, hatua kwa hatua.

Kipimo cha pili kinatokana na hicho cha kwanza: wasikilize wenyeji wa ulimwengu huo wanavyozungumza. Watu wanaolipa gharama kila siku hawaelezani kitu wanachokijua. Madereva wawili wakikutana Tunduma hawaambiani mpaka ni nini wala forodha ina kazi gani. Wanaulizana foleni imefika wapi, wakala ameleta makaratasi, kwacha leo inakwenda shilingi ngapi. Vivyo hivyo, wahusika wanaoishi na majini au roboti hawana sababu ya kukaa sebuleni wakifundishana historia ya majini na roboti. Ukikuta mhusika anaanza kumkumbusha mwenzake jambo ambalo wote wawili wamelijua tangu utotoni, jua kwamba mwandishi ameacha hadithi yake na kugeukia msomaji. Dunia iliyojengwa vizuri huonekana katika malalamiko, katika mizaha na katika mambo ambayo watu wake wameshachoka nayo.

Kipimo cha gharama kina uzito wa pekee nchini kwetu, kwa sababu hapa fantasia haimalizikii vitabuni. Watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo Tanzania kwa sababu kuna walioaminishwa kwamba viungo hivyo huleta utajiri, na mwaka 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Mwandishi anayeingiza dawa ya utajiri katika riwaya yake anaandika mbele ya jamaa za watu waliolipa kwa damu. Simkatazi. Uchawi ni sehemu ya mawazo yetu na fasihi ina haki ya kuuingia. Lakini akitupa mganga anayetajirisha watu bila kuonyesha mwili uliotumika, jina la mwenye mwili huo na nyumba iliyobaki na msiba, amefanya kosa la ufundi na kosa la utu kwa pamoja. Amefuta risiti ya deni ambalo jamii yetu inajua limelipwa na nani.

Wapo watakaonipinga kwa kusema kwamba hekaya na istiari hazidaiwi hesabu kama hizi. Watanitajia Kusadikika ya mwaka 1951: nchi inayoning'inia hewani, ambayo Shaaban Robert hashughuliki kueleza imeshikiliwa na nini. Ni kweli, na wala sitaki aeleze. Gharama ninayoidai ni ya watu. Wajumbe wanatumwa katika nchi za jirani, wanarudi na maarifa ya kuifaa nchi yao, na malipo yao ni kifungo. Karama anaposimama mbele ya mfalme kujitetea, kila safari anayoisimulia ina mfungwa nyuma yake. Ndiyo maana kitabu kile kinauma hadi leo. Kinyume chake, nikisoma Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotoka mwaka 1995, naona nguvu kubwa zaidi mwanzoni, pale mhusika mkuu Dzombo anapohukumiwa na kurushwa angani afe, kuliko anapofika katika jamii ya usawa na kuanza kuelezwa mema yake. Mawazo ya Mkangi nayaheshimu. Ila usawa uliokwisha patikana, tusipoushuhudia ukiwachosha na kuwagawanya watu waliouleta, hubaki tangazo zuri la mahali tusipoweza kuhamia.

Pingamizi gumu zaidi linatoka kwa Euphrase Kezilahabi. Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile ya mwaka 1991 hazifuati sheria ya dunia yoyote inayoeleweka. Wakati unavunjika, mahali panayeyuka, na msomaji hapewi ramani. Je, kipimo changu hakizitupi nje kazi mbili zenye ujasiri mkubwa katika riwaya ya Kiswahili? Naona hakizitupi. Anayetafuta ukweli katika vitabu hivyo anaulipia kwa kupoteza kila uhakika aliokuwa nao, na msomaji analipa naye bega kwa bega. Deni lipo tangu mwanzo hadi mwisho, ila linalipwa kwa fahamu. Tofauti kati ya ugumu wa Kezilahabi na ukungu wa mwigaji wake ni kwamba kwa Kezilahabi kila mlango unaofunguka unafunga mwingine, ilhali kwa mwigaji milango yote iko wazi na hakuna anayepungukiwa na kitu. Jibu hilohilo linawafaa wanaodai kwamba bunilizi ya kisayansi ipimwe kwa usahihi wa sayansi yake. Mpango wa Nkoloso haukuwa na sayansi ya kufikisha mtu popote, lakini umetoa fasihi ya kudumu kwa kuwa waliouamini walikuwa watu wa kweli wenye cha kupoteza.

Mwisho kuna wanaosema kwamba wanasoma ili wapumzike, na hesabu za madeni wanazo za kutosha dukani na nyumbani. Nawaelewa, na ninadhani wanastahili kitabu kizuri kuliko wanachouziwa. Ajabu isiyolipiwa haipumzishi. Inachosha, kwa sababu kama lolote linaweza kutokea bila mtu kupoteza kitu, hakuna hatari ya kuhofia wala ushindi wa kufurahia, na msomaji anabaki akihesabu kurasa. Kwa hiyo ukishika riwaya dukani, usisome ukurasa wa ajabu. Huo kila mwandishi ameunoa. Tafuta sura inayofuata, uangalie kama kuna mtu aliyeamka akiwa na upungufu ambao jana hakuwa nao. Kisha fungua karibu na mwisho uone kama upungufu huo bado unamsumbua mtu, au umesahauliwa ili shujaa apate arusi yake. Sura hizo mbili zikikubaliana, kinunue. Zikipingana, kirudishe kwenye rafu bila kujali joka lililochorwa kwenye jalada, na mwuzaji akiuliza sababu, mweleze. Waandishi wetu wataanza kulipia maajabu yao siku watakapojua kwamba tunadai.