Raza na Denge: Nani hasa alimpenda Yasmin?

Juzi nilialikwa katika maktaba ya Kaloleni, hapa Eastlands, kuzungumza na vijana kuhusu Vuta N'kuvute (1999), riwaya ya Shafi Adam Shafi. Hata sijafika mbali, msichana mmoja akainua mkono: "Mwalimu, huyo Raza si ni sponsa tu? Denge ndiye mpenzi wa kweli. Imeisha hiyo!" Wenzake wakaangua kicheko. Nami nilicheka, lakini kauli yake ilinifuata hadi nyumbani Umoja.

Kwa ambaye hajaisoma, Yasmin ni msichana wa Kihindi katika Unguja ya ukoloni. Anaozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka ambaye umri wake ungetosha kuwa babake. Anamtoroka, jamaa zake wanamfungia mlango, anapokelewa na Mwajuma kule Ng'ambo. Huko anampenda Denge, kijana Mwafrika anayepigania uhuru.

Wakazi wa Eastlands hawahitaji kuelezwa sana kwa nini penzi hilo lilikuwa mwiko. Kaloleni yenyewe ilijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, huku Wahindi wakikaa Ngara na Parklands. Mkoloni alipanga mji kwa rangi ya ngozi, na mapenzi yakatarajiwa kufuata ramani hiyo hiyo.

Sasa turudi kwa sponsa. Hapa simuungi mkono yule binti. Sponsa humbembeleza msichana mwenyewe, hata kama ni kwa chipsi na simu mpya. Raza hakuwa na haja ya kumbembeleza Yasmin, maana aliyemaliza mambo ni wazee. Ndiyo maana kitenzi kinachomfaa Yasmin ni kuozwa. Tazama: mwanamume huoa, mwanamke huolewa, lakini anayeozwa ametiwa ndoani na mtu wa tatu. Raza ana nikaha, duka na baraka za wakubwa. Alichokosa ni ndiyo ya Yasmin. Leo Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inataka miaka 18 na ridhaa ya wote wawili. Yasmin hakuwa na hata kimoja.

Kwa Denge tunapata kitenzi kingine: kupendana. Kiambishi -an- kinadai watu wawili wanaotendeana. Denge hana mali wala baraka za mtu, ila Yasmin amemchagua. Hapo binti yuko sawa kabisa.

Lakini "imeisha hiyo"? Bado. Denge anawindwa na polisi wa mkoloni, na moyo wake umeshaposwa na harakati. Penzi lake halina usiku wa kutulia. Raza anamtaka Yasmin awe pambo la nyumba. Denge anampenda, ila hana nyumba ya kumpa. Ndipo wasomaji wengi hushangaa kwamba mwishowe Yasmin anaolewa na Bukheti, si na yeyote kati ya hawa wawili.

Wapo wanaouona mwisho huo kuwa baridi. Mimi nauona kuwa jibu la mwandishi. Angempa Denge ushindi, Yasmin angebaki zawadi inayohamishwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Hata jina la riwaya linatuonya: vuta, nami nikuvute. Tumezoea kuwatazama wavutaji na kusahau kuuliza kamba inahisi nini. Yasmin alikataa kuwa kamba.

Kwa hivyo, mwanafunzi akiulizwa awalinganishe Raza na Denge, asikimbilie kuandika "mmoja mbaya, mwingine mzuri". Aanze na swali ambalo mitaa yetu, kuanzia Jericho hadi Kayole, bado inalikwepa binti anapoletewa mchumba: mwenyewe amesemaje?