Banda na Wenyewe: Maonyesho ya Sanaa Ughaibuni Yakisomwa kutoka Kitale na Bungoma

Maonyesho ya kila mwaka yanayolenga kuwauzia wakusanyaji kazi za sanaa yamekuwa, kwa miongo kadhaa sasa, utanzu wenye kanuni zake. Kila nyumba ya sanaa hukodisha banda, na kando ya kila kazi hubandikwa maelezo mafupi ya jina la msanii, mwaka aliozaliwa na nchi anakotoka. Asia Now, yaliyoanzishwa Paris mwaka 2015, huwaonyesha wakusanyaji wa Ulaya sanaa ya kisasa ya Asia. Kwa upande wa Afrika yalitanguliwa na 1-54, yaliyoanzishwa London na Touria El Glaoui mwaka 2013, ambayo jina lake lenyewe ni hesabu: bara moja, nchi hamsini na nne. Makala haya yanadai kwamba maonyesho ya aina hii hayauzi picha peke yake. Huuza pia jina la mahali. Na jina hilo likishatengwa na hadhira yake, laweza kubandikwa juu ya kazi yoyote.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka Venice. Biennale ya mji huo si soko, ingawa wakusanyaji huifuata. Mabanda yake hugawanywa kwa majina ya mataifa. Mwaka 2013 wengi wa washiriki katika banda la Kenya walikuwa wasanii wa China. Wakenya wachache waliohusishwa, miongoni mwao Kivuthi Mbuno, walimezwa na wingi huo. Mwaka 2015 orodha iliyotangazwa iliwatanguliza Wachina tena, pamoja na Mwitaliano Armando Tanzini, mkaazi wa Malindi, na Yvonne Apiyo Brändle-Amolo, mzaliwa wa Kenya aishiye Uswisi. Wasanii wa Nairobi walipinga hadharani. Wizara iliyokuwa chini ya Waziri Hassan Wario iliukana mpango huo, na jina la Kenya likaondolewa.

Neno banda linastahili kutafakariwa. Mkaazi wa Kitale hulifahamu kutokana na maonyesho ya kilimo yanayofanyika mjini humo. Huko, fahali anayepitishwa mbele ya waamuzi ana mwenyewe, na watazamaji ni wakulima wanaoweza kubishana na uamuzi kwa kuwa wanaijua mifugo. Yaani onyesho lina wajuzi pande zote mbili za ua. Banda la Kenya mjini Venice lilikosa upande mmoja. Waliokuwa na ujuzi wa kuuliza swali walikuwa mbali, na walipouliza waliuliza kwa njia ya malalamiko, si kwa njia ya uhakiki.

Hata hivyo, hoja hii isigeuzwe kuwa ya kikabila. Kwanza, jina la taifa si alama ya asili. Biennale ilifunguliwa mwaka 1895, mwaka uleule ambao Wabukusu walipigana na majeshi ya Waingereza katika ngome ya Chetambe, karibu na Webuye. Bungoma haikuwa Kenya wakati huo, na hadi mwaka 1902 eneo hilo lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Pili, Wakenya wenye asili ya Asia, ambao serikali iliwatambua mwaka 2017 kuwa jamii ya 44 ya taifa, wana haki sawa ya banda hilo. Kosa, basi, halikuwa Uasia wa wasanii. Katika Asia Now msanii wa China husimama kwa jina na historia yake. Katika banda la Kenya yeye naye alinyang'anywa vyote viwili, akavishwa jina lisilomhusu.

Mchoraji Michael Soi aliifanya fedheha hiyo kuwa mada ya mfululizo wa picha. Tashtiti yake inamfikia mtazamaji mara moja, na kwa kuwa inajibu tukio kwa lugha ya mchoro, ni aina ya uhakiki. Lakini nguvu ya tashtiti hutokana na kurahisisha, na hatari yake iko papo hapo. Mtazamaji aweza kuondoka akimlaumu Mchina peke yake, huku swali la nani aliyeliacha jina la nchi wazi likibaki nje ya fremu.

Swali hilo linarejea Kitale. Jumba la Makumbusho la mji huo lilitokana na mkusanyo wa Kanali Hugh Stoneham, ulioanzishwa mwaka 1926, na likafunguliwa kama asasi ya taifa mwaka 1974. Desturi ya makumbusho ya aina hii ni kukiainisha kifaa kwa kabila: chungu ni cha Wabukusu, kibuyu ni cha Waturkana. Mfinyanzi hana jina. Soko la Paris au London hutenda kinyume chake: humpa msanii jina na bei, kisha huikata kazi kutoka kwa jamii iliyoweza kuizungumzia. Asasi hizi mbili zinaelekea kuwa maadui, kumbe zinasaidiana. Ya kwanza humfuta mtendaji, ya pili huifuta hadhira.

Mfano mmoja kutoka Bungoma unatosha. Kengele za chuma ziitwazo chinyimba hugongeshwa na mvulana wa Kibukusu kwenye vikuku vyake anapozunguka kuwaalika jamaa, akiwemo mjomba wake, kabla ya kutahiriwa katika mwaka wa shufwa. Zikiwekwa kimya ndani ya kabati la kioo, huwa chuma. Zikiwekwa kwenye banda zenye taa, huwa umbo la kupendeza. Maana yake imo katika mkono unaozigonga, wimbo unaozijibu na wazee wanaosikia kama mdundo umepotoka. Mtaalamu wa fasihi simulizi analijua jambo hili, kwa sababu amekwisha kufundishwa kwamba matini bila utendaji ni nusu ya kazi.

Mwaka 2017 Kenya ilirudi Venice chini ya usimamizi wa Jimmy Ogonga, kwa kazi za wasanii kama Peterson Kamwathi, Paul Onditi na Arlene Wandera. Wenyewe walipatikana. Lakini kupatikana kwa wenyewe hakukuzaa moja kwa moja wahakiki wanaoweza kuwajadili kwa Kiswahili, mbele ya wasomaji wa Kitale na Bungoma. Uhakiki wa Kiswahili umejenga istilahi imara za ushairi, riwaya na tamthilia. Rangi, udongo na chuma bado vimeachiwa maelezo ya wauzaji. Pengo hilo likiendelea, anayeandika kibandiko ndiye atakayeamua Kenya ni nini.