Tshimanga na siku moja ya Novemba

Tuliitazama kwenye simu moja, watu sita, nyuma ya nyumba ninayopanga hapa Rugerero. Kioo cha simu kina ufa katikati, kwa hiyo kila mchezaji aliyefika kati ya uwanja alikatika vipande viwili. Aliyeileta ni kijana tuliyevuka naye mpaka Januari 2025. "Yaya, ona huyu. Ni mtu wetu. Anaitwa Tshimanga." Mama mmoja aliyekuwa anachambua maharagwe akainua kichwa: "Tshimanga? Huyo ni wa Kasai kabisa. Na ile balo, mbona iko sawa yai?"

Basi nieleze kidogo kwa wale ambao, kama mama huyo, hawajawahi kuona futiboli ya Kimarekani. Timu inapewa nafasi nne za kusogea yadi kumi. Ikifaulu, inapewa nne zingine, mpaka ifike mwisho wa uwanja. Kuna anayebeba balo na kukimbia, na mbele yake kuna wanaume wakubwa kama makabati ambao kazi yao ni kusukuma watu ili njia ipatikane. Mchezo ni huo. Mengine ni sheria, na sheria ni nyingi mno.

Huyo Tshimanga ni Tim Biakabutuka. Alizaliwa Kinshasa mwaka 1974, akapelekwa Kanada akiwa mtoto, akakulia Longueuil karibu na Montréal, kisha akaenda kuchezea Chuo Kikuu cha Michigan. Tarehe 25 Novemba 1995, mbele ya watu zaidi ya laki moja pale Ann Arbor, alikimbia yadi 313 dhidi ya Ohio State, timu ambayo ilikuwa haijapoteza mechi hata moja msimu ule. Karibu mita 286, katika mara 37 alizopewa balo. Michigan walishinda 31 kwa 23. Ohio State walikuwa na Eddie George, ambaye mwaka huohuo alipata tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo. Siku hiyo jina lililobaki midomoni halikuwa lake.

Video ni nzuri, siwezi kukataa. Jamaa hakimbii kwa fujo. Anangoja kidogo, kama mtu anayetaka kuvuka barabara ya Goma saa za jioni pikipiki zikiwa nyingi, halafu anaona mwanya na kuondoka. Nimeirudia mara nyingi kwa ajili ya kule kungoja tu.

Lakini nina ugomvi na video hiyo, na ugomvi mkubwa zaidi na sisi tulioitazama.

Kwanza, imekatwa. Ndani yake kuna siku moja, wakati msimu ulikuwa na mechi kumi na tatu. Ulianza Agosti na kocha mpya, Lloyd Carr, na mechi ya kwanza dhidi ya Virginia walikuwa nyuma 17 kwa 0, wakashinda 18 kwa 17 kwa balo ya mwisho kabisa. Oktoba walipigwa na Northwestern, 19 kwa 13, nyumbani kwao. Wakapigwa na Michigan State, wakapigwa na Penn State. Waliwafunga Purdue 5 kwa 0 kwenye theluji, matokeo ambayo hata ukiyasoma unasikia baridi. Na baada ya zile yadi 313? Walienda Texas kucheza Alamo Bowl, wakapoteza kwa Texas A&M, 22 kwa 20. Jumla: ushindi tisa, kupoteza nne. Tena wale waliofaidika zaidi na siku ile kubwa ni Northwestern: Ohio State alipoanguka, wao njo walienda Rose Bowl, mara ya kwanza tangu 1949. Hayo kwenye video hayamo.

Mimi najua kukatwa kwa namna hiyo. Ukikaa mbele ya mtu wa mahojiano, anataka siku moja: siku uliyokimbia. Tarehe, saa, nani alikuwa mbele, nani nyuma. Ukianza kumwambia miaka ya kabla, jinsi ulivyouza sabuni pale Birere, jinsi ulivyorudi 2021 baada ya Nyiragongo na kuanza upya, anakurudisha: tubaki kwenye tukio. Nilibaki kwenye tukio. Nilijisikia kama mtu mwenye umri wa siku moja.

Pili, kuna lile neno "mtu wetu". Kijana alilisema mara nne, nilihesabu. Wetu kivipi? Biakabutuka alikulia Kanada, akasoma huko, na wakimbiaji huwa hawafiki pale peke yao: mbele yake siku ile walikuwepo watu kama Jon Runyan na Rod Payne. Sisi tunampenda kwa sababu tunataka hesabu iwe rahisi: ukiwa na mbio, Marekani itakufungulia. Tarehe 27 Januari 2025, siku Goma ilipotwaliwa, ndiyo siku amri ya Marekani ya kusimamisha kupokea wakimbizi ilianza kufanya kazi. Tarehe ni moja. Hakuna mbio iliyoangaliwa. Katika kijarida hiki tumeshachapisha hadithi nyingi za aliyefaulu, na moja niliandika mimi mwenyewe. Leo nisingeiandika vile.

Novemba 1995, nilikuwa mtoto Goma, na kambi za Mugunga na Kibumba zilijaa watu waliotoka upande huu tuliopo sisi sasa. Hakuna aliyetutumia video ya mtu yeyote.

Nilisema mengi ya haya pale nyuma ya nyumba, kijana akanuna. Mama wa maharagwe hakunisikiliza. Alikuwa amevutiwa na kitu kingine. "Wale wanene wa mbele, wanaoanguka kila mara, hawapewi balo?"

"Hapana, mama. Kazi yao ni kufungua njia."

"Rudisha. Nataka kuona wale."

Kijana akarudisha mwanzo. Tukaangalia wanene mara mbili, majina yao hatuyaoni, namba tu mgongoni, mpaka mega zikaisha.