Haramia na Mwewe Wake

Wasomali wana jina la watu hawa: burcad badeed, yaani wanyang'anyi wa baharini. Wenyewe hawakulipenda. Walijiita walinzi wa pwani. Filamu ya Last Hijack, iliyotoka mwaka 2014 kwa mikono ya Tommy Pallotta na Femke Wolting, inajaribu kupita katikati ya majina hayo mawili, na shabaha yake ni mtu mmoja tu, Mohamed wa Puntland, haramia mzoefu aliye ukingoni mwa ndoa mpya. Wakwe wanamtaka aiache kazi hiyo. Wazazi wake wamechoka naye. Yeye anawaza safari moja ya mwisho.

Nimeipenda filamu hii kuliko nilivyotarajia, kwani haikumfanya shujaa wala haikumfanya mnyama. Penye kumbukumbu na ndoto zake, kamera inanyamaza na michoro ya rangi ya Hisko Hulsing inasema: haramia anageuka mwewe mkubwa, anashuka, ananyakua meli nzima kwa kucha. Mpenzi wa ushairi atautambua ufundi huu mara moja. Ni sitiari iliyoachwa ifanye kazi yake bila kufafanuliwa. Lakini hapo hapo ndipo ninapoanza kuitilia shaka. Mwewe ni mzuri mno. Akiruka, jicho linamfuata yeye, na meli iliyo kuchani inakuwa chuma kitupu.

Ndani ya chuma kile walikuwamo watu. Meli ya Iceberg 1 ilitekwa Machi 2010 na mabaharia wake hawakuwa huru hadi Desemba 2012. Walikuwamo Wayemeni, Wahindi, Waghana na wengine, vijana wa makwao wanaotuma mishahara kwa mama zao, kama vijana wetu. Watengenezaji walilijua pengo hili, maana katika kazi yao nyingine ya intaneti, iliyoandamana na filamu hii, walimpa sauti nahodha Mwingereza aliyetekwa mwaka 2008. Filamu yenyewe imebaki upande wa Mohamed.

Sababu zake hatuwezi kuzikejeli. Dola ya Somalia ilianguka mwaka 1991, na meli za kigeni zikaja kuvua katika maji yasiyo na mlinzi, zikikata nyavu za wavuvi wadogo. Hayo yana ushahidi. Ila mtu anayedai samaki wake haendi mamia ya maili kuteka meli ya mafuta. Sirius Star ilikamatwa Novemba 2008 kusini-mashariki ya Mombasa, na samaki wa Eyl hawakuwamo ndani yake. Dhuluma ilifungua mlango. Fidia za mamilioni ya dola ndizo zilizoujaza ukumbi, na matajiri waliozigawa hawakupanda mashua hata siku moja. Kuhusu hao filamu inasema machache mno.

Nasema haya nikiwa mtu wa visiwani. Mwaka 2011 watu wenye bunduki walikuja kwa boti Kiwayu, kisha Manda, wakaua na kuteka wageni. Baadaye wavuvi wa Lamu walikatazwa kuvua usiku kwa miaka mingi. Wabajuni, ambao baharini hawakuwa na mpaka kati yao na jamaa zao wa upande wa Kismayu, walilipa deni wasilolikopa. Mvuvi wa kamba na mvuvi wa nguru wa usiku hawajui mwewe; wanajua doria na taa iliyozimwa.

Uharamia ulipungua baada ya 2012, ukaibuka tena Desemba 2023 meli ya Ruen ilipotekwa. Kwa hiyo filamu hii haijawa ya makumbusho.

Niliitazama na nahodha mmoja mstaafu wa jahazi. Alikaa kimya muda wote, hadi mwewe alipopaa mara nyingine na meli yake. Hapo akaniuliza: "Mwanangu, na mpishi wa meli ile, yu wapi?"