Mawe ya Nakshi ya Kilwa na Mafundi Wake

Wengi wafikao Kilwa Kisiwani huuliza swali moja mbele ya kila ukuta: Ni nani aliyejenga? Na jawabu huwa tayari kabla ya swali kwisha. Huyu husema Wareno, huyu Washirazi, na mwingine Waarabu. Sisi twaona ya kuwa majibu hayo yote yana kasoro moja, nayo ni hii: hutolewa bila kulitazama jiwe lenyewe.

Habari ya Wareno tuimalize upesi. Walifika Kilwa mwezi wa Julai 1505, jemadari wao akiwa Francisco de Almeida. Mapadre wakashuka pwani na misalaba miwili, wakiimba. Msalaba ukawekwa katika nyumba ya mfalme, kisha askari wakaanza kuuteka mji nyara. (Sisi tuliolelewa katika shule za misioni hatuwezi kuisoma habari hii pasipo kuona haya.) Mwaka 1512 waliondoka. Boma lao, ambalo leo laitwa Gereza, lilijengwa upya baadaye na watu wa Oman. Bali Msikiti Mkuu ulikuwa umesimama karne nyingi kabla ya merikebu zao kuonekana.

Atafutaye nakshi nyingi katika msikiti huo atatoka mikono mitupu. Sifa yake ni nyingine. Sehemu ya kaskazini, iliyo ya kale zaidi, paa lake lilichukuliwa na nguzo za miti. Katika karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliongeza sehemu kubwa upande wa kusini, na nguzo zake kila moja ilikuwa jiwe moja zima la tumbawe. Nguzo hizo zilianguka. Waliofuata, katika karne ya 15, hawakurudia kazi ile, ila walisimamisha nguzo za pembe nane kwa mawe madogo na chokaa, wakajenga kuba juu yake. Twawasifu wa pili kwa busara, na wa kwanza kwa ushujaa.

Nakshi yenyewe imepatikana zaidi Husuni Kubwa, jumba la sultani yule yule, ambaye Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331. Hapo Neville Chittick, aliyechimba magofu hayo katika miaka ya 1960, aliona vipande vya tumbawe vilivyochongwa, na kimoja kina maandishi ya kumwombea sultani, kikimtaja kwa jina na kwa lakabu ya al-Malik al-Mansur. Ukivuka kwenda Songo Mnara utaona miimo ya milango iliyochongwa mfano wa kamba iliyosokotwa.

Sasa tulitazame jiwe. Tumbawe la nakshi si lile jiwe gumu la kuta. Hukatwa baharini lingali hai, nalo likiwa na maji huwa laini, hata chombo cha chuma huliingia bila taabu. Likiisha kukauka huwa gumu. Basi kazi ya kuchonga haina budi kufanywa karibu na pwani ile ile lilikotoka, tena kwa haraka. Kitabu chaweza kupakiwa chomboni kutoka Ghuba ya Uajemi, na namna ya herufi yaweza kusafiri ndani ya kitabu. Lakini tumbawe bichi halisafiri.

Mtu atasema, Je, fundi mwenyewe hakuweza kusafiri? Aliweza. Na hoja hii ina nguvu yake, hasa huko Kizimkazi, kusini ya Unguja, ambako msikiti ungali ukisaliwa hata leo. Penye kibla kuna maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Samuel Flury aliyachunguza mwaka 1922, na wataalamu wameona yanavyofanana na kazi ya Siraf, bandari ya Uajemi. Sisi twakubali mfano huo. Walakini mfano wa herufi ni jambo moja, na mkono ujuao jiwe ni jambo jingine. Tumbawe lina vitundu vingi. Mstari mwembamba sana humeguka. Mwenye kuzoea mawe mengine hangejua hayo siku ya kwanza. Tena ikiwa ni mgeni mmoja aliyepita, mbona kazi ya tumbawe yaendelea Kilwa na Songo Mnara karne baada ya karne? Mgeni hupita, kazi ya vizazi hutaka mwalimu na wanafunzi, na watoto waliokua wakipiga mbizi mwambani.

Hatusemi kwamba yote ni mazuri sawasawa. Kule Kizimkazi fundi alipenda jani kuliko herufi: ncha za herufi zinachipua na kujikunja, hata aliyesoma chuoni kwa miaka husimama kwa muda mrefu akitafuta neno. Ni kazi ya kutazamwa kabla ya kusomwa. Ile kamba ya Songo Mnara twaipenda zaidi, ingawa wataalamu huiandikia kidogo. Haina jina la mfalme, wala haiombi msaada wa kamusi. Kila baharia wa Kilwa Kivinje au Lindi huijua kamba, na fundi wa milango ya mbao huichonga vivyo hivyo mpaka hivi karibuni.

Jina la sultani limehifadhiwa katika jiwe. Jina la aliyelichonga halimo, na ndiyo sababu watu wamepata nafasi ya kumpa kazi yake mtu mwingine.

Magofu haya yaliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, yakahesabiwa kuwa hatarini tangu 2004 hata 2014. Bahari imekula ufuko, na mizizi imepasua kuta. Watengenezao hawana budi kutumia chokaa, si saruji, kwa maana saruji huzuia unyevu na chumvi ndani ya ukuta, na jiwe la kale likamomonyoka pembeni yake. Chokaa hiyo huchomwa kwa tumbawe lile lile.