Bwana Msa Akifika Balangdalalu: Uhakiki wa Raha na Changamoto za Uandishi wa Kishabiki katika Fasihi ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Uandishi wa kishabiki ni ule ambao msomaji, baada ya kuvutiwa na kazi ya mwandishi mwingine, huwachukua wahusika au ulimwengu wa kazi hiyo na kuutungia visa vipya. Aghalabu hufanywa kama uraibu: mwandishi wake halipwi, hana mkataba na mchapishaji, na huandika katika saa zinazobaki baada ya shughuli zinazompa riziki. Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili uandishi huu haujapewa nafasi kubwa. Unapotajwa, hutajwa kwa neno moja tu, nalo ni "kuiga", na neno hilo huchukuliwa kuwa hukumu iliyokamilika.

Makala haya yanapinga hukumu hiyo, lakini hayaishii katika kuutetea uandishi huo. Hoja yake kuu ni kwamba raha na ugumu wa kuendeleza hadithi ya mwingine hutoka katika chanzo kimoja: mhusika anayeazimwa haji peke yake, huja na mtazamo wake wa dunia. Ili kuipima hoja hiyo, makala yanaanza na mifano mitatu ya fasihi andishi ya Kiswahili, kisha yanamchukua Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, na kuuliza nini kingetokea iwapo mwandishi wa Balangdalalu, wilayani Hanang, angetaka kumpeleka huko.

2.0 Mwingilianomatini na Swali la Umiliki

Dhana ya mwingilianomatini, iliyoasisiwa na Julia Kristeva katika miaka ya 1960, inashikilia kwamba hakuna matini inayozaliwa bila matini nyingine. Gérard Genette, katika Palimpsestes (1982), aliisogeza mbele hoja hiyo kwa kutenga uhusiano mahususi ambao matini ya baadaye huota juu ya matini ya awali, kwa kuigeuza au kuiiga. Mchango wa Genette unafaa hapa kwa sababu unamzuia mhakiki kuuliza kama mwandishi ameazima, jambo ambalo jibu lake daima ni ndiyo. Swali lenye tija ni amekigeuza nini na amekiacha nini.

Kwa jamii za Hanang na Mbulu swali hilo si geni. Wairaqw, wanaozungumza lugha ya Kikushi, na Wadatooga, wanaozungumza lugha ya Kiniloti, wameishi kwa ujirani wa muda mrefu, na simulizi zimevuka mpaka wa lugha pamoja na ng'ombe na ndoa. Katika simulizi za namna hiyo sungura hana mwenyewe. Fanani anayemtungia sungura kisa kipya hashutumiwi kwa wizi. Hushutumiwa ikiwa sungura wake ni mjinga, kwa kuwa hapo amevunja makubaliano baina yake na hadhira. Hapa pana kanuni mbili ambazo uandishi wa kishabiki umezirithi bila kujua: mhusika ni wa wote, lakini tabia yake si ya kuchezewa.

Kalamu ilibadilisha kanuni ya kwanza na kuiacha ya pili. Mhusika wa kitabu ana mtunzi anayejulikana kwa jina, na jina hilo lina ulinzi wa kisheria. Hata hivyo hadhira bado hudai uaminifu kwa tabia, na wakati mwingine huudai kwa mtunzi mwenyewe. Arthur Conan Doyle alipomuua Sherlock Holmes mwaka 1893, wasomaji hawakuridhia, na miaka michache baadaye alilazimika kumrejesha. Mwaka huohuo wa 1893, J. M. Barrie, rafiki wa Doyle, alimwandikia kisa kifupi cha mzaha kinachowahusu Holmes na Watson. Kwa hiyo uandishi wa kishabiki haukungoja kuja kwa intaneti. Ulizaliwa pale tu mhusika alipopendwa kuliko kitabu kilichomzaa.

3.0 Njia Tatu za Kuazima

Fasihi ya Kiswahili ina mifano mashuhuri ya uazimaji, na inafaa itofautishwe.

Njia ya kwanza ni kuazima kisa. Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert imejengwa juu ya hadithi ya Abdallah bin Fadhil na ndugu zake iliyomo katika Alfu Lela u Lela. Katika hadithi ya awali, gavana wa Basra huwachapa usiku mbwa wawili ambao kwa hakika ni ndugu zake. Shaaban Robert amewafanya mbwa kuwa manyani, khalifa wa Baghdad kuwa Rai, mfalme wa Ughaibu, na ndugu wasio na sifa bainifu kuwa Hasidi na Mwivu. Badiliko la majina linaonekana dogo, lakini ndilo lililoigeuza hadithi ya maajabu kuwa hadithi ya maadili. Msomaji hangoji tena kujua kitakachotokea. Anangoja kuona kama uadilifu utastahimili. Ikumbukwe pia kwamba Shaaban Robert aliandika sehemu kubwa ya kazi zake akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Saa zake za kuandika zilikuwa saa za ziada.

Njia ya pili ni kuazima aina ya shujaa. Willy Gamba wa Aristablus Elvis Musiba, aliyeingia uwanjani kwa Kufa na Kupona (1974), ana jamaa wa karibu katika James Bond wa Ian Fleming: ujasiri, mavazi, vinywaji na wanawake. Kilichogeuzwa ni bwana anayetumikiwa. Bond hulinda maslahi ya dola iliyokuwa ikipoteza makoloni. Gamba huwapigania wale waliokuwa wakiyakomboa. Hata hivyo, kilichoachwa bila kugeuzwa kina uzito wake. Mtazamo wa Bond juu ya wanawake ulivuka bahari pamoja na bastola yake, na ukombozi anaoupigania Gamba haukuwafikia wahusika wa kike wanaomzunguka.

Njia ya tatu ni kuazima uhusiano baina ya wahusika. Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa habari wa Zanzibar, alishinda shindano la uandishi wa hadithi lililoendeshwa na East African Literature Bureau kwa muswada wa Mzimu wa Watu wa Kale, uliochapishwa mwaka 1960. Bwana Msa na kiko chake, pamoja na Najum anayemfuata akishangaa, ni Holmes na Watson waliovishwa kanzu. Abdulla hakuishia kwenye kanzu. Mazungumzo ya wawili hao yana mzaha, mafumbo na heshima ya watu wa Unguja, na suluhisho la fumbo hupatikana mara nyingi kwa kujua nani ni ndugu wa nani kuliko kwa kuchunguza majivu ya sigara. Elimu ya Holmes ni ya maabara; ya Bwana Msa ni ya nasaba.

4.0 Raha

Kutokana na mifano hiyo, raha ya uandishi wa kishabiki inaweza kuelezwa bila kuipamba. Kwanza, mwandishi hupunguziwa mzigo wa kuanza. Mhusika anapatikana akiwa na sauti, na msomaji tayari anamjua. Anayejifunza kuandika anaweza kuelekeza nguvu zake kwenye jambo moja, kwa mfano mazungumzo au mpangilio wa vidokezo, bila kulazimika kujenga dunia nzima kwa pamoja. Pili, kuandika kwa namna hii ni kusoma kwa kina zaidi. Asiyeelewa kwa nini Najum huuliza maswali ambayo msomaji angeyauliza hawezi kumwandikia Najum hata sentensi moja inayosadikika. Uhakiki unaofanywa kwa kalamu ya mtunzi wakati mwingine huona kile ambacho uhakiki wa mhadhara umekipita. Tatu, pana raha ya kujibu. Msomaji aliyeudhika kwa sababu mhusika wa kike alinyamazishwa anaweza kumpa sura nzima ya kusema.

5.0 Changamoto: Safari ya Hanang

Ugumu unaonekana vizuri zaidi pale mhusika anapohamishwa. Tuseme mwandishi wa Balangdalalu, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kidatooga na ambaye Kiswahili amekipata shuleni na sokoni, anaamua kumpeleka Bwana Msa chini ya Mlima Hanang.

Kikwazo cha kwanza ni lugha. Kiswahili cha Abdulla ni cha Unguja: utani wake, methali zake na hata namna ya kukatiza maneno vina mahali pake. Mwandishi wa Hanang akikiiga neno kwa neno atatoa sauti ya kuazima isiyo na pumzi. Akikiacha kabisa, Bwana Msa atakuwa mtu mwingine mwenye jina lilelile. Njia inayobaki ni kuufanya umbali huo kuwa sehemu ya kisa: Bwana Msa awe mgeni anayehitaji mkalimani, na Najum akose kwa mara ya kwanza wa kumsimulia umbeya wa mjini. Mpelelezi ambaye nguvu yake ni kujua nasaba atakuwa amefika mahali ambapo hamjui mtu.

Kikwazo cha pili ni kizito zaidi, nacho ni cha kiitikadi. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, maiti inakutwa mahali panapoogopwa, na kazi ya Bwana Msa ni kuonyesha kwamba mauaji yametendwa na binadamu mwenye nia. Kisima cha Giningi (1968) nacho kinaendeleza mvutano huo baina ya hofu ya uchawi na akili inayotafuta sababu. Msomaji hufurahi mtandio wa hofu unapoondolewa. Lakini Hanang kuna mahali pengine patakatifu: bung'eda, kilima cha kaburi kinachojengwa na Wadatooga kwa heshima ya mzee mashuhuri, kwa shughuli inayochukua miezi na kuzikutanisha koo. Mwandishi asiye mwangalifu ataiweka bung'eda mahali pa mzimu wa Abdulla na kumwacha Bwana Msa aifumbue kama ushirikina mwingine. Umbo la hadithi litakuwa sahihi, na maana yake itakuwa dhuluma.

Dhuluma hiyo si ya kubuni. Mashamba makubwa ya ngano yalipofunguliwa Hanang katika miaka ya 1970 na 1980 kwa msaada wa Kanada, Wabarbaig walipoteza malisho, na Charles Lane, katika Pastures Lost (1996), ameeleza jinsi makaburi yao yalivyolimwa pamoja na ardhi hiyo. Waliokuwa na trekta waliona kichuguu. Wenye kaburi waliona babu na hati ya ardhi kwa pamoja. Katika mazingira hayo, akili inayodharau mahali patakatifu haisimami upande wa ukweli dhidi ya hofu. Inasimama upande wa jembe.

Hapa ndipo uandishi wa kishabiki unaweza kushinda au kushindwa kama fasihi. Mwandishi hodari angeligeuza fumbo lenyewe: kilichotoweka kisiwe mtu, kiwe kaburi. Bwana Msa angebaki yuleyule mwenye kiko na mantiki, lakini mantiki yake ingemfikisha kwenye hitimisho ambalo Abdulla hakumwandalia, kwamba wazee waliosema "hapa amelala mtu" ndio waliokuwa na ushahidi, na mjuzi wa mjini ndiye aliyekuwa na dhana. Tabia ya mhusika ingeheshimiwa na itikadi yake ingehojiwa. Hivyo ndivyo Shaaban Robert alivyoitendea hadithi ya Basra, na ndivyo Musiba alivyoshindwa kumtendea Bond katika suala la wanawake.

Kikwazo cha tatu ni sheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, kazi hulindwa katika uhai wa mwandishi na kwa miaka 50 baada ya kifo chake, na haki ya kutohoa ni sehemu ya ulinzi huo. Abdulla alifariki mwaka 1991, na Musiba mwaka 2010. Kwa hesabu hiyo, Bwana Msa atakuwa chini ya ulinzi hadi 2041 na Willy Gamba hadi 2060. Anayeandika kwa uraibu lazima ajue kwamba daftari likishakuwa kitabu cha kuuzwa, mapenzi hayatakuwa utetezi. Itabidi aombe ridhaa ya warithi. Sungura wa simulizi hana kizuizi hicho, na huenda hiyo ni sababu ya kutosha kwa anayeanza kuanza naye.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba neno "kuiga" halitoshi kuhukumu kazi iliyoota juu ya nyingine. Waandishi waliotajwa waliazima, na tofauti ya ubora wao inatokana na kiasi walichokihoji kile walichokiazima. Raha ya uandishi wa kishabiki ni kupata mhusika aliye hai tayari. Changamoto yake ni kwamba uhai huo una mtazamo, na mtazamo huo unaweza kugongana na mahali unapopelekwa. Kwa mwandishi wa Balangdalalu, kipimo cha mafanikio hakiwezi kuwa kufanana kwa Bwana Msa wake na yule wa Unguja pekee. Kipimo ni kama mgeni huyo, akishafika kwenye bung'eda, atajua kuvua viatu kabla ya kuanza kuuliza maswali.